Matundu Madogo Tumboni: Historia ya Kupima Upasuaji wa Saratani ya Utumbo Mpana

Saratani ya utumbo mpana ambayo haijasambaa mwilini huponywa hasa kwa upasuaji. Kipande cha utumbo chenye uvimbe hukatwa pamoja na utando unaokibeba, kwa kuwa ndani ya utando huo mna mishipa ya damu na tezi za limfu ambazo seli za saratani huzipitia. Kisha ncha mbili zilizobaki huunganishwa. Kazi ni hiyo hiyo, daktari awe amefungua tumbo kwa mkato mrefu au ameingiza kamera na vyombo vyembamba kupitia matundu, yaani kwa laparoskopi. Kwa miaka mingi madaktari wa upasuaji waligawanyika juu ya jambo moja: je, kazi hiyo yaweza kukamilishwa kupitia matundu bila kumpunguzia mgonjwa nafasi ya kuishi? Jibu lilipopatikana likazaa swali la pili, gumu kuliko la kwanza: kati ya njia nyingi za kupasua kwa matundu, ni ipi inayompa mgonjwa matokeo bora?

Enzi ya mkato mrefu, 1823–1932

Mwaka 1823 Jean-François Reybard wa Lyon, Ufaransa, alikata kipande cha utumbo mpana chenye saratani na kuziunganisha ncha zake. Dawa ya usingizi ilikuwa haijaingia katika vyumba vya upasuaji, wala hakuna aliyejua kwamba vidonda huoza kwa sababu ya vijidudu. Mgonjwa alipona kidonda, lakini saratani ilirudi na kumuua. Tukio hilo moja lilibeba kipimo ambacho kingetumika kwa karne mbili zilizofuata. Mgonjwa kuamka salama baada ya upasuaji ni jambo moja, kubaki bila saratani ni jingine.

Kipimo hicho cha pili ndicho kilichomsumbua Ernest Miles wa London. Alipofuatilia wagonjwa wake 57 aliowapasua saratani ya puru, yaani sehemu ya mwisho ya utumbo mpana, alikuta saratani imerudi kwa 54. Alichunguza mahali iliporudi, akagundua kwamba ilipanda juu kwa kufuata njia ya limfu, sehemu ambayo upasuaji wa wakati ule haukuifikia. Mwaka 1908 alitangaza upasuaji mpana zaidi ulioondoa puru pamoja na njia hiyo. Mwaka uliofuata Jamieson na Dobson wa Leeds walichora ramani ya tezi za limfu za utumbo mpana, kuanzia zilizo ukutani mwa utumbo hadi zilizo kwenye shina la mshipa mkuu wa damu. Tangu hapo upasuaji mzuri ulimaanisha kuufuata mshipa hadi karibu na shina lake na kuutoa utando wote unaoambatana nao. Mwaka 1932 Cuthbert Dukes, mtaalamu wa patholojia katika hospitali ya St Mark's, London, aliugawa ugonjwa katika madaraja ya A, B na C kwa kuangalia umepenya kina gani na kama umefika kwenye tezi. Bila madaraja ya namna hiyo, kulinganisha wagonjwa wa daktari mmoja na wa mwingine kusingekuwa na maana, kwa sababu mgonjwa ambaye tezi zake zina saratani na yule ambaye zake ni safi hawaanzii safari mahali pamoja.

Kamera yaingia tumboni, 1901–1990

Kuchungulia tumbo bila kulipasua kulianza mapema. Georg Kelling wa Dresden alionyesha mwaka 1901 jinsi ya kulijaza hewa tumbo la mbwa na kulitazama kwa bomba lenye lenzi. Karibu miaka 10 baadaye Hans Christian Jacobaeus wa Stockholm alifanya hivyo kwa binadamu. Kwa miongo mingi baada ya hapo chombo hicho kilitumika kutazama tu, na waliokizoea zaidi walikuwa madaktari wa magonjwa ya wanawake.

Mmoja wao, Kurt Semm wa Kiel, Ujerumani, alikata kidole tumbo kupitia matundu mwaka 1980. Alipingwa vikali na madaktari wa upasuaji wa nchi yake. Erich Mühe wa Böblingen alitoa mfuko wa nyongo kwa njia hiyo mwaka 1985, naye hakupokewa vizuri zaidi. Mambo yaligeuka kamera ndogo ya video ilipopatikana. Kabla yake, daktari aliinama peke yake juu ya lenzi na wasaidizi wake hawakuona kitu. Kwa video, chumba kizima kilitazama skrini moja, msaidizi akashika na kuvuta kwa kuona anachokifanya. Philippe Mouret wa Lyon alitoa mfuko wa nyongo kwa video mwaka 1987, na ndani ya miaka michache njia hiyo ikaenea duniani. Kasi hiyo ilitokana zaidi na matakwa ya wagonjwa na ushindani wa hospitali kuliko utafiti wa kulinganisha.

Utumbo mpana haukuwa rahisi namna hiyo. Mfuko wa nyongo umekaa mahali pamoja, una mshipa mmoja mdogo wa damu, na ukitolewa hakuna kinachohitaji kuunganishwa. Utumbo mpana umeuzunguka uwanja wote wa tumbo. Daktari analazimika kuhama kutoka pembe moja ya tumbo hadi nyingine, kufunga mishipa minene ya damu, kuunganisha ncha mbili zenye vijidudu vingi, na kutoa kipande kikubwa ambacho hakipiti kwenye tundu la sentimita moja. Stepla ndefu nyembamba zilizoweza kuingia kwenye matundu na kukata utumbo huku zikiufunga ndizo zilizofungua njia. Mwaka 1990 Moises Jacobs na wenzake wa Miami, Marekani, walikata upande wa kulia wa utumbo mpana kwa matundu. Mwaka huo huo Dennis Fowler alikata sehemu ya chini ya upande wa kushoto. Mwaka 1991 kundi la Miami lilichapisha taarifa ya wagonjwa 20 wa kwanza.

Saratani katika makovu, 1991–1994

Taarifa za mwanzo zilisifu makovu madogo, maumivu machache na kurudi nyumbani mapema. Baadaye ikaja habari ya kutisha. Wagonjwa waliopasuliwa kwa matundu walianza kurudi hospitali wakiwa na uvimbe mdogo kwenye kovu, mahali vyombo vilipopita. Ulipopimwa ulikuwa saratani ile ile ya utumbo. Baadhi yao walikuwa na ugonjwa wa daraja la mapema, watu ambao upasuaji wa kawaida ungetarajiwa kuwaponya. Mwaka 1994 kundi la Uholanzi liliandika katika jarida la The Lancet kwamba kati ya wagonjwa wao 14, watatu walipata saratani kwenye makovu, yaani asilimia 21. Katika upasuaji wa mkato mrefu, takwimu za zamani zilionyesha tatizo hilo kwa mgonjwa asiyefika mmoja katika 100.

Maelezo mengi yalitolewa. Wengine waliilaumu gesi ya kaboni dayoksaidi, wakidhani kwamba inapotoka kwa nguvu kando ya bomba hubeba seli zilizobanduka. Wengine waliulaumu uvimbe kuburutwa moja kwa moja kwenye mkato mdogo usiokingwa. Majaribio ya wanyama yalipeleka ushahidi huku na huku. Kadiri miaka ilivyopita, maelezo ya kawaida zaidi yalipata nguvu: madaktari waliokuwa bado wanajifunza waliushika uvimbe wenyewe kwa koleo, wakaupasua, kisha wakauvuta kupitia ngozi bila kinga. Taratibu zikabadilika. Uvimbe haukuguswa tena, kipande kilitolewa ndani ya mfuko au kupitia mkato uliovikwa plastiki, na mabomba yalifungwa vizuri yasivujishe hewa.

Lakini mwaka 1994 hilo lilikuwa bado halijulikani, na hofu ilikuwa ya haki. Chama cha madaktari bingwa wa upasuaji wa utumbo mpana na puru cha Marekani kilitamka kwamba saratani isipasuliwe kwa matundu nje ya utafiti au rejista ya kufuatilia wagonjwa. Uamuzi huo ni wa kuheshimika. Taaluma iliyokuwa imeupokea upasuaji wa nyongo bila kuupima vya kutosha ilisimama safari hii na kukubali kupimwa.

Majaribio makubwa, 1993–2009

Hospitali moja ya Barcelona ilikuwa imekwisha kuanza. Kati ya mwaka 1993 na 1998 Antonio Lacy na wenzake waliwagawa wagonjwa 219 kwa bahati nasibu, wengine wakapasuliwa kwa matundu na wengine kwa mkato mrefu. Matokeo yaliyotoka mwaka 2002 yalishangaza. Waliopasuliwa kwa matundu walirudiwa na saratani kwa uchache zaidi na vifo vyao vya saratani vilikuwa pungufu, na karibu faida yote ilionekana kwa wale ambao tezi zao zilikuwa tayari na saratani. Baadhi walieleza kwamba jeraha dogo haliudhoofishi mwili, hivyo kinga yake hubaki na nguvu ya kuua seli zilizosalia. Yalikuwa maelezo ya kuvutia, ila idadi ilikuwa ndogo, hospitali ilikuwa moja, na kundi lililobeba faida yote lilikuwa sehemu tu ya idadi hiyo ndogo.

Jaribio lililobadilisha mwenendo wa hospitali lilikuwa lile la Marekani na Kanada lililoitwa COST, likiongozwa na Heidi Nelson wa Mayo Clinic. Liliandikisha wagonjwa 872 katika hospitali 48 kuanzia 1994 hadi 2001. Kila daktari aliyeshiriki alitakiwa awe amekwisha kufanya upasuaji wa aina hiyo angalau mara 20, na kuwasilisha mkanda wa video usiohaririwa ili wengine wakague kama anafuata kanuni za saratani. Matokeo yalichapishwa Mei 2004. Katika miaka mitatu saratani ilikuwa imerudi kwa asilimia 16 ya waliopangiwa matundu na asilimia 18 ya waliopangiwa mkato mrefu. Waliokuwa hai walikuwa asilimia 86 na 85. Saratani ya kwenye kovu, iliyokuwa chanzo cha hofu yote, haikufika asilimia 1 katika kundi lolote.

Faida za muda mfupi zilikuwepo, ingawa zilikuwa za kiasi kuliko sifa za mwanzo. Kukaa hospitali kulipungua kutoka siku sita hadi tano, na sindano za dawa kali za maumivu kutoka siku nne hadi tatu. Watafiti wa jaribio hilo hilo walipowauliza wagonjwa kuhusu hali ya maisha yao, tofauti iliyopatikana ilikuwa ndogo na ilionekana wiki ya pili tu baada ya upasuaji. Kwa upande mwingine, mgonjwa mmoja kati ya watano aliyeanza kwa matundu ilibidi afunguliwe tumbo katikati ya kazi.

Ulaya ilikuwa na majaribio yake mawili. CLASICC la Uingereza lilikusanya wagonjwa 794 kati ya 1996 na 2002, nalo likaingiza pia saratani ya puru. COLOR lilikusanya wagonjwa 1,248 katika hospitali 29 za nchi kadhaa za Ulaya. Katika COLOR damu iliyopotea ilishuka kutoka wastani wa mililita 175 hadi 100, huku upasuaji ukirefuka kwa nusu saa. Baada ya miaka mitatu, asilimia 74.2 ya waliopasuliwa kwa matundu walikuwa hai bila saratani, na asilimia 76.2 ya wale wa mkato mrefu. Watafiti walikuwa wameweka mpaka mapema: njia ya matundu ingehesabiwa kuwa salama kama hasara yake, ikikadiriwa kwa tahadhari yote ya takwimu, haizidi pointi 7. Makadirio ya juu kabisa yakafika 7.2. Kwa hiyo COLOR, kwa ukali wa kanuni yake yenyewe, halikuthibitisha lililokusudia, japokuwa hakuna aliyeweza kuonyesha kwamba wagonjwa walidhurika. Wagonjwa hao walipofuatiliwa hadi mwaka wa 10, tofauti haikujitokeza.

Mwaka 2007 takwimu za Barcelona, COST, COLOR na CLASICC ziliwekwa pamoja, jumla ya wagonjwa 1,536 wa saratani ya utumbo mpana. Waliokuwa hai bila saratani katika mwaka wa tatu walikuwa asilimia 75.8 kwa matundu na 75.3 kwa mkato mrefu. Ile faida kubwa ya Barcelona ilikuwa imeyeyuka ndani ya idadi kubwa, na ile hofu ya makovu nayo pia. Taasisi ya NICE ya Uingereza, iliyokuwa imeshauri mwaka 2000 kwamba mkato mrefu upendelewe, iligeuza ushauri wake mwaka 2006 na kuyakubali matundu kama njia mbadala, kwa sharti kwamba daktari awe amefunzwa ipasavyo.

Mikono ya daktari

Sharti hilo linaeleweka kwa kutazama sehemu moja ya CLASICC. Katika jaribio hilo asilimia 29 ya wagonjwa walioanza kwa matundu waliishia kufunguliwa tumbo. Mwaka wa kwanza wa jaribio ilikuwa asilimia 38, na mwaka wa sita 16. Ugonjwa ulikuwa ule ule na vyombo havikubadilika sana. Kilichokua ni ujuzi. Waliolazimika kubadilishiwa njia katikati walipata madhara mengi zaidi, na walipofuatiliwa kwa miaka mitano walionekana kuishi muda mfupi kuliko wengine. Huenda sehemu ya tofauti hiyo ilitokana na uvimbe wao kuwa mkubwa au kung'ang'ania viungo vya jirani, yaani kesi ngumu tangu mwanzo. Hata hivyo, uamuzi wa kumchagua mgonjwa anayefaa ulionekana kuwa sehemu ya matibabu yenyewe.

Mwaka 2005 Paris Tekkis na wenzake walichambua kesi 900 na kukadiria kwamba daktari alihitaji takriban kesi 55 za upande wa kulia, au 62 za upande wa kushoto, kabla ya idadi ya anaowabadilishia njia kutulia. Daktari anayepata wagonjwa wachache kwa mwaka angemaliza sehemu kubwa ya maisha yake ya kazi akiwa bado mwanafunzi. Uingereza ilijibu kwa mpango wa taifa wa mafunzo ulioitwa LAPCO, ambamo madaktari bingwa waliokwisha kubobea katika mkato mrefu walirudi kujifunza chini ya wenzao, na video zao zikasahihishwa na wakaguzi wasiojua ni za nani.

Japani ilionyesha kinachowezekana ujuzi ukishakomaa. Katika jaribio la JCOG0404, wagonjwa 1,057 walipasuliwa na madaktari waliozoea kuondoa tezi hadi kwenye shina la mshipa. Waliobadilishiwa njia walikuwa takriban asilimia 5. Baada ya miaka mitano, asilimia 91.8 ya waliopangiwa matundu walikuwa hai, na asilimia 90.4 ya waliopangiwa mkato mrefu. Vifo vilikuwa vichache mno kuliko ilivyotarajiwa, kiasi kwamba takwimu zilikosa nguvu ya kuthibitisha rasmi usawa wa njia hizo mbili. Kwa mgonjwa, upungufu wa namna hiyo ni habari njema.

Matunzo ya wodini, 2005–2011

Wakati madaktari wakibishana juu ya matundu, Henrik Kehlet wa Denmark alikuwa ameuliza swali jingine tangu miaka ya 1990: kwa nini mgonjwa wa utumbo hulala siku nyingi hospitali? Alijibu kwa kuondoa desturi moja baada ya nyingine: kufunga kula kwa siku nyingi, mirija ya puani, dripu za kupita kiasi, kulala kitandani. Wagonjwa wake walikula na kutembea siku ya upasuaji au kesho yake, na waliruhusiwa mapema ingawa walikuwa na mkato. Ikawa lazima kuuliza kama siku ile moja iliyookolewa na matundu haikuwa zawadi ya matunzo.

Jaribio la LAFA la Uholanzi liliwagawa wagonjwa 400 katika makundi manne: matundu au mkato mrefu, kila moja kwa matunzo mapya au ya zamani. Waliopata matundu pamoja na matunzo mapya walikaa siku tano. Matundu na matunzo ya zamani yalichukua siku sita, na makundi yote mawili ya mkato mrefu siku saba. Matundu yalikuwa na mchango wake, na faida ilikuwa kubwa zaidi mambo hayo mawili yalipokwenda pamoja. Hospitali nyingi zilizonunua kamera za bei kubwa huku zikiendelea kumnyima mgonjwa chakula kwa siku nne zilikuwa zinalipa gharama ya nusu ya dawa na kuiacha nusu nyingine, ambayo ilikuwa ya bure.

Aina za matundu

Baada ya 2004 mashindano yalihamia ndani ya upasuaji wa matundu wenyewe. Njia ya kusaidiwa na mkono, ambamo daktari huingiza mkono mmoja kupitia mkato wa sentimita saba au nane uliozibwa kwa pete isiyopitisha hewa, iliokoa muda. Katika jaribio la Marekani la wagonjwa 95, wengi wao wasio na saratani, muda wa kukata upande wa kushoto ulipungua kwa nusu saa bila kupona kuchelewa. Njia ya tundu moja kwenye kitovu, iliyoripotiwa kwa mara ya kwanza mwaka 2008, iliacha kovu lisiloonekana kwa urahisi, lakini vyombo viligongana na kazi ikawa ngumu. Matokeo ya saratani hayakuonekana kuwa mabaya, wala faida yake haikuvuka sana urembo wa kovu.

Jambo dogo zaidi kwa sura lilileta tofauti iliyopimika. Anapokata upande wa kulia, daktari anaweza kuvuta ncha za utumbo nje na kuziunganisha juu ya ngozi, au akaziunganisha humo humo ndani. Majaribio mawili ya wagonjwa 140 kila moja, moja la Torino na jingine la Barcelona, yalionyesha kwamba utumbo ulioungwa ndani huanza kazi mapema, kwa kuwa utando wake haukuvutwa wala kupindwa. Siku za kulazwa hazikutofautiana kwa uhakika. Kuna faida ya pili: kipande kikikatwa ndani chaweza kutolewa popote, na mkato wa chini karibu na nywele za sehemu za siri hupata ngiri mara chache kuliko mkato wa katikati ya tumbo.

Roboti iliingia mwanzoni mwa miaka ya 2000. Huipa mikono ya daktari vifundo vinavyogeuka ndani ya tumbo na picha yenye kina. Jaribio la Korea Kusini la mwaka 2012 lililinganisha wagonjwa 70 wa upande wa kulia. Roboti ilichukua dakika 195, matundu ya kawaida 130, na gharama ilipanda. Madhara, idadi ya tezi zilizotolewa na siku za kulazwa havikutofautiana, na ufuatiliaji wa baadaye haukuonyesha tofauti ya kuishi. Kwenye puru, ambako nafasi ni finyu zaidi na roboti ilitarajiwa kung'ara, jaribio la ROLARR la wagonjwa 471 lilikuta waliobadilishiwa njia ni asilimia 8.1 kwa roboti na 12.2 kwa matundu ya kawaida. Tofauti hiyo haikutosha kuthibitisha kwamba roboti ni bora.

Tabaka sahihi, 1982–2024

Mabadiliko yaliyogusa zaidi maisha ya wagonjwa yalitoka mahali ambapo ukubwa wa mkato haukuwa hoja. Bill Heald wa Basingstoke, Uingereza, alieleza mwaka 1982 kwamba saratani ya puru hurudi kwa sababu daktari huacha mabaki ya mafuta yanayoizunguka. Mafuta hayo yamefungwa ndani ya ganda jembamba. Daktari akifuata nje ya ganda hilo bila kulitoboa, saratani hutoka nzima. Kwa miaka mingi fundisho hilo lilibaki la puru peke yake.

Mwaka 2008 Nicholas West na wenzake wa Leeds walichunguza picha za vipande 399 vya utumbo mpana vilivyokatwa katika hospitali yao. Asilimia 32 tu vilikuwa vimekatwa kwenye tabaka sahihi, ganda la utando likiwa zima. Katika asilimia 24 kisu kilikuwa kimeingia hadi kwenye misuli ya utumbo. Kuishi miaka mitano kulitofautiana kwa pointi 15 kati ya makundi hayo mawili, na kwa pointi 27 kwa wagonjwa wa daraja la tatu, yaani wale ambao tezi zao zina saratani. Tofauti kati ya matundu na mkato mrefu, iliyotafutwa kwa miaka 15 na maelfu ya wagonjwa, haikuwahi kukaribia hapo.

Mwaka uliofuata Werner Hohenberger wa Erlangen, Ujerumani, alichapisha matokeo ya wagonjwa 1,329 na kueleza upasuaji wa utando mzima, ambao mshipa wake hufungwa kwenye shina kabisa. Katika hospitali yake saratani kurudi mahali pale pale ilishuka kutoka asilimia 6.5 hadi 3.6 kati ya kipindi cha 1978–1984 na kile cha 1995–2002, na waliosalimika na kifo cha saratani kwa miaka mitano walipanda kutoka asilimia 82.1 hadi 89.1. Denmark ilitoa ushahidi mwingine mwaka 2015. Katika hospitali ya Hillerød, iliyofuata njia hiyo, asilimia 85.8 ya wagonjwa walikuwa hai bila saratani baada ya miaka minne, dhidi ya asilimia 75.9 katika hospitali tatu za jirani. Linganisho hilo halikutumia bahati nasibu, na hospitali inayoanza njia mpya kwa bidii huenda ikawa inafanya mambo mengine vizuri pia.

Ilibaki kulipima jambo hilo kwa bahati nasibu, tena kwa matundu. Jaribio la RELARC la China liliandikisha wagonjwa 1,072 wa upande wa kulia katika hospitali 17. Wote walipasuliwa kwa matundu. Tofauti ilikuwa kina cha kufuata tezi. Madhara ya jumla yalilingana, asilimia 20 kwa upasuaji wa utando mzima na 22 kwa ule wa kawaida, ila mishipa ya damu iliumizwa kwa asilimia 3 dhidi ya 1. Matokeo ya miaka mitatu yalitoka mwaka 2024: asilimia 86.1 walikuwa hai bila saratani katika kundi la utando mzima, na 81.9 katika jingine. Kama njia hizo mbili zingekuwa sawa, nafasi ya bahati peke yake kuleta tofauti kubwa kama hiyo ingekuwa asilimia 6, juu kidogo ya mpaka wa asilimia 5 uliozoeleka. Wanaoamini upasuaji mpana waliona mwelekeo ulio wazi. Wenye tahadhari waliona kwamba hatari ya kuumiza mshipa mkuu haijalipiwa bado kwa faida iliyothibitishwa, hasa mikononi mwa daktari asiyeuzoea.

Wagonjwa waliobaki nje ya majaribio

Takwimu hizi zote zina mipaka. COST, COLOR na JCOG0404 hazikupokea saratani ya sehemu ya utumbo inayokatiza tumbo kwa juu, kwa kuwa mishipa yake ni ya kutatanisha. Hazikupokea pia wagonjwa wa dharura waliofika utumbo ukiwa umeziba, wala hospitali za Afrika hazikushiriki katika majaribio makubwa ya mwanzo. Afrika Mashariki wagonjwa wengi hufika ugonjwa umeendelea, na si wachache wanaofika tumbo likiwa limejaa kwa sababu utumbo umefungwa. Tumbo la namna hiyo halina nafasi ya gesi wala kamera, na utumbo uliovimba hupasuka ukishikwa kwa koleo. Mkato mrefu ndio unaomfaa mgonjwa huyo.

Utafiti wa GlobalSurg, uliochapishwa mwaka 2021 na kuhusisha wagonjwa karibu 16,000 wa saratani za titi, utumbo mpana na tumbo katika nchi 82, uliwatazama pia wagonjwa wa nchi maskini. Waliopasuliwa saratani ya utumbo mpana katika nchi za kipato cha chini na cha chini-kati walikuwa na uwezekano wa kufa ndani ya siku 30 zaidi ya mara nne ya wale wa nchi tajiri, hata baada ya daraja la ugonjwa kuzingatiwa. Idadi ya madhara makubwa haikueleza pengo hilo. Lilieleweka zaidi kwa yaliyofuata baada ya madhara kutokea: kama mshono unaovuja uligunduliwa mapema, kama palikuwa na kipimo cha CT, kama palikuwa na kitanda cha uangalizi maalumu na daktari wa kumrudisha mgonjwa chumba cha upasuaji usiku ule ule.